Koti la Mtu wa Mlango

Kila kijana anayetaka kuingia kwenye kazi ya mavazi ya filamu hunijia hapa Kawangware 56, akaketi kwenye kiti changu cha plastiki, akanywa chai yangu, halafu akaniuliza swali lilelile: "Mathe, ile filamu ya mtu wa mlango ilikuwa inamaanisha nini?" Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza jasho linatolewaje kwenye kwapa la koti ambalo haliruhusiwi kufuliwa. Na hilo ndilo swali la mtu anayetaka kazi.

Basi nitawajibu yote mawili, halafu mniache.

Jasho kwanza. Chukua siki na maji, nusu kwa nusu, utie kwenye chupa ya kupulizia. Geuza koti ndani nje, upulize kwenye bitana, uanike. Upande wa nje usipigwe na jua, la sivyo litapauka, na kesho halitafanana na la jana. Watazamaji hawatajua kilichobadilika, lakini watahisi wamedanganywa. Na usilifue. Narudia: usilifue.

Mimi nililifua.

Lakini ili muelewe ujinga ule ulinigharimu nini, lazima niwaambie filamu yenyewe ilikuwa nini, na hapo ndipo kichwa huanza kuniuma.

Dairekta aliitwa Zakayo, kijana wa Kianda. Alienda ng'ambo kusomea sinema, akarudi na ndevu na skafu ambayo hakuivua hata Januari. Mimi wakati huo nilikuwa nimevalisha watu miaka mingi. Nilishona nguo za michezo ya televisheni, za matangazo ya sabuni, za zile filamu fupi za kufundisha watu kunawa mikono. Nikadhani nimeona yote. Zakayo akanieleza hadithi yake. Mtu anaingia mtaani amebeba mlango mgongoni. Haijulikani ametoka wapi. Haongei. Anazunguka akitafuta ukuta wa kuutia mlango wake. Anampenda mwanamke anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, na meza ya huyo mwanamke haina ukuta hata mmoja. Saa moja na nusu. Bila rangi, bila maneno.

Nikamuuliza, "Kwa nini amebeba mlango?"

"Wewe unaonaje, mathe?"

"Mimi naona ni mlango."

Akatabasamu kana kwamba nimesema jambo kubwa, akaliandika kwenye kitabu chake. Hiyo ilikuwa siku ya kwanza, na tayari nilikuwa nimechoka.

Alitaka koti. Koti la mtu aliyetembea maisha yake yote. Nikalipata kwenye mitumba, la sufu, zito, limetunzwa na mzungu fulani mpaka likabaki karibu jipya. Hapo nikamkumbuka mwalimu wangu, Mzee Njuguna, Mungu amrehemu. Alikuwa na ploti tatu hapa Kawangware na hakuhitaji kushona, lakini alishona suruali barazani kwake mpaka macho yakamwisha, kwa sababu, alisema, wapangaji humheshimu mtu mwenye futi shingoni kuliko mwenye risiti mkononi. Alinifundisha nikiwa msichana mgeni kutoka Machakos, nisiyejua hata kutia uzi kwenye cherehani ya umeme. "Mbithe," aliniambia, "nguo mpya ni mwongo. Haijakaa na mtu bado."

Kwa hiyo koti lazima lilishwe maisha. Tia mawe mfukoni, ulitundike siku tatu, mifuko ilegee kama ya mtu anayebeba vitu. Piga msasa viwiko na pindo la mikono. Kola ipakwe mafuta kidogo ya kupikia kwa kidole, mahali shingo inapogusa tu. Majani ya chai yaliyochemshwa sana yapakwe mgongoni. Toa kifungo kimoja, ushone kingine kisichofanana nacho, na ukishone vibaya, kwa sababu mtu wa namna ile angekishona mwenyewe. Nilifanya hivyo wiki mbili. Koti lilipokamilika, paka wa jirani alililalia bila kuogopa.

Kisha tukapiga picha siku nne, koti likashika omena na jasho, nami kwa huruma yangu ya kina mama nikalitia kwenye beseni. Lilitoka limenyooka, limenywea, linanukia sabuni, tayari kwa kwenda kuposa. Zakayo alikaa chini kwenye jiwe akafunika uso kwa skafu. "Mathe, umeniulia mtu," akasema. Nikaanza upya na mawe, wiki mbili nyingine.

Wala hilo silo kosa langu kubwa. Kosa kubwa lilikuwa gauni.

Zakayo alisema mwanamke wa omena lazima jicho limwone kabla ya watu wengine wote sokoni. Nikasema, rahisi, nyekundu. Nikashona gauni jekundu, lenye marinda, likawaka kama pilipili. Wanawake wote wa Kisumu Ndogo, pale jirani na Kianda tulikopigia picha, waliligeukia. Tukawasha kamera. Nikaangalia kwenye kioo kidogo cha kamera: gauni limekuwa jeusi la tope, limefanana na ukuta wa udongo nyuma yake. Mwanamke mwenyewe alionekana kichwa tu kinachoelea.

Kamera isiyo na rangi haijui nyekundu wala kijani. Inajua mwanga na giza tu. Siku hizi mnaweka simu kwenye picha ya kijivu mnaona mara moja, na hamna sababu ya kukosea. Sisi tulikuwa tunafumba macho nusu, tunaangalia nguo kupitia kope, mpaka rangi inapotea unabaki uzito wake. Nilijua hivyo. Mzee Njuguna alinifundisha hivyo. Nikasahau kwa sababu nilipenda kitambaa. Nyeupe nayo usiitie hivihivi, itachoma picha. Ichovye kwenye chai kwanza. Mistari myembamba iache kabisa, itacheza kama ina siafu.

Nikashona jingine, la manjano. Hilo likatoka jepesi, linang'aa. Na siku hiyohiyo mwigizaji tuliyeletewa kutoka mjini akafungasha mkoba wake, akasema hawezi kuishi na harufu ya omena wiki tatu, akaondoka. Gauni lipo, mtu hayupo.

Zakayo akageuka, akamtazama mwenye meza tuliyokuwa tumeiazima. Aliitwa Atieno. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mkubwa wa umbo, mwenye sauti ya kuita mteja kutoka ng'ambo ya reli. "Wewe utaweza," akamwambia.

"Kuweza nini? Kukaa hapa kwa meza yangu mwenyewe? Yawa! Si ndiyo nafanya kila siku." Kisha akaliona gauni. "Lakini hii manjano hapana. Manjano ni ya jerikeni."

Nikalifumua kiunoni, nikaongeza vipande viwili ubavuni, akalivaa akinung'unika.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa mtu mwenyewe wa mlango. Zakayo alikataa waigizaji wote waliokuja. Alisema wanaigiza. Nikamuuliza alitaka wafanye nini, wapike? Akazunguka mtaa siku mbili akarudi na Musyoka.

Musyoka alikuwa fundi wa kunoa visu. Mngemwona Kisumu Ndogo na baiskeli yake iliyofungwa jiwe la kunolea, anakanyaga pedali bila kwenda popote, cheche zikiruka. Alitoka Kitui, alipanga chumba pale kwa sababu ndicho alichokipata, akaishi miaka mitatu katikati ya Wajaluo ambao lugha yao hakuielewa. Hawakumtendea ubaya. Walimwita Mkamba tu, kama jina. Akifungua mdomo, watoto waliiga lafudhi yake, kwa hiyo aliacha kuufungua. Ana uso mrefu, na macho ambayo yakikutazama unahisi umemkopa kitu ukasahau.

Mimi nikamsalimu kwa Kikamba wakati nampima mabega. Akashtuka, nusura alie. Tangu hapo aliniita mwaitu, mama yetu, na kila nilipomvalisha alinisimulia habari zake. Watu wa mavazi, hilo mlijue mapema. Nyinyi ndio wa mwisho kumgusa mtu kabla ya kamera. Unapofunga kifungo cha shingoni, mtu hukuambia mambo asiyomwambia padri. Sikiliza, na usiyapeleke popote.

Alichoniambia Musyoka ni kwamba kila Ijumaa, kwa miaka miwili, alinoa kisu cha Atieno.

"Kisu cha nini?" nikamuuliza.

"Cha kazi yake, mwaitu."

"Musyoka. Omena hukatwa?"

Naapa, alikuwa hajawahi kulifikiria. Samaki mwenye urefu wa kidole kidogo, anayepimwa kwa mkebe, na huyu mwanamume kwa miaka miwili anamnolea muuzaji wake kisu! Na yule mwanamke kwa miaka miwili anamtolea! Kisu kilikuwa kimebaki chembamba kama msumari. Mtaa mzima ulijua isipokuwa yeye.

"Umewahi kumwambia kitu?" nikamuuliza.

"Humwambia 'kiko tayari'."

Ngai! Nilitaka kumpiga kwa futi.

Basi mkisikia watu wakisema filamu ile ilikuwa ya ajabu, mjue ajabu lilikuwa nje ya kamera. Mchana Musyoka anabeba mlango na kumtazama Atieno kwa sababu Zakayo amesema "tazama". Akivua koti, anamtazama vilevile, na hakuna aliyesema. Atieno naye akiletewa soda anaigawa nusu, anafunika nusu nyingine kwa sahani, akipita nzi anamfukuza, mpaka Musyoka amalize shoti yake. Nikasema moyoni, hawa watafika, polepole kama gari la mawe, lakini watafika. Waacheni.

Zakayo hakuwaacha. Alikuwa kijana mwerevu, na mwerevu akiona kitu kizuri hawezi kukaa mikono mfukoni.

Siku ya mwisho ya kupiga picha, asubuhi, nikawa napiga pasi kwenye chumba tulichoazima nyuma ya duka la unga. Akaingia.

"Niaje mathe. Leo Musyoka usimpanguse jasho. Akitoka pale nataka aonekane amevunjika."

"Amevunjika na nini? Si leo mwanamke anapokea mlango, wanasimama chini yake mvua ikinyesha? Nimenunua miavuli ya kuwakinga."

"Nimebadilisha." Akafunga mlango nyuma yake, akapunguza sauti, macho yanang'aa. "Nimemwambia Musyoka leo aongee. Filamu haina maneno, kwa hiyo aseme chochote anachotaka, kwa maneno yake. Unajua atasema nini. Msee anampenda huyo mama kweli kweli, kila mtu anajua. Na Atieno nimemwambia amkatae. Amkatae kabisa, mbele ya watu. Musyoka hajui."

Nikaiweka pasi wima. "Na akivunjika kweli?"

"Si ndiyo hiyo sinema, mathe. Huwezi kuigiza hiyo."

"Na kesho? Wewe utakuwa umeenda na kamera yako. Yeye atapita wapi na baiskeli yake? Pale pale, mbele ya watu walewale."

"Ataelewa. Ni ya sanaa."

"Zakayo, wewe ni mtoto wa hapa hapa Kianda."

"Ndiyo maana naweza kuiona vizuri," akasema, akatoka.

Nimefanya kazi na madairekta walevi, wakali, wasiolipa kwa wakati. Hakuna aliyewahi kunikasirisha kama yule, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Aliamini. Angekuwa mtu mbaya ningejua pa kumshika.

Musyoka akaja kuvaa. Alikuwa amenyoa. Alikuwa amepaka mafuta. Akasimama nimfunge koti, nikasikia moyo wake unadunda kwenye vidole vyangu.

"Mwaitu, leo nimeruhusiwa kuongea."

Nikafika kifungo cha juu. Nimewaambia muda si mrefu kwamba unayoyasikia usiyapeleke popote. Ile ndiyo kanuni, na niliishika miaka yote. Siku ile niliivunja, na ningeivunja tena. Nikamwambia yote kwa Kikamba, haraka, midomo karibu na kola, kana kwamba nakata uzi kwa meno.

Nikadhani atalivua koti. Nilitaka alivue. Kisha akaniuliza, "Na yeye amekubali?"

"Sijui, mwanangu. Sijaongea naye."

Akafikiri. Nje walikuwa wanamwita. Akasema, "Basi acha nikasikie mwenyewe."

Akabeba mlango wake akatoka.

Watu walikuwa wamejaa: wauza omena wote, wanakwaya wa kanisa la Atieno, vijana wa boda boda wameketi juu ya pikipiki zao waone vizuri. Nikasimama nyuma ya kamera na brashi ya nguo mkononi. Musyoka akatembea mpaka mbele ya meza, akautua mlango ukasimama kati yake na wateja, akaushika kwa mkono mmoja. Na akaongea. Kwa ile lafudhi yake, kwa sauti ambayo mtaa ulikuwa haujaisikia hata siku moja.

"Atieno. Ile kisu yako haihitaji kunolewa. Mimi nimejua juzi tu. Lakini nitakuja Ijumaa hata kama hakuna kisu, kama unataka nikuje. Kama hutaki, sema tu. Si lazima useme vile wamekuambia. Sema vile wewe unataka."

Mtoto mmoja akaanza kuiga, mama yake akamfunika mdomo.

Atieno akamtazama. Kisha, jambo ambalo mwigizaji hutakiwa asifanye kamwe, akageuka akaitazama kamera, akamtazama na Zakayo nyuma yake, muda mrefu, jinsi anavyomtazama mteja anayerudisha omena baada ya kupimiwa. Akamrudia Musyoka.

"Hawa watu wameniambia nikukatae."

"Nimesikia."

"Hata hawajaniuliza kama nataka. Wamekuja kwa meza yangu, wakanivalisha jerikeni, wakaniambia nikatae mwanaume mbele ya kanisa yangu yote." Akavuta pumzi. "Sikia. Kwanza toa hiyo mlango, inanizibia makastoma. Halafu kuja Jumapili tukitoka kanisa. Kuja bila hawa."

Musyoka akaubeba mlango. Akapiga hatua kuelekea kulia kama alivyofundishwa, akatoka kwenye picha, na hakusimama. Zakayo akapiga kelele "Kata!" Yeye anaenda. Akakata kona ya choo cha kulipia, akapotea na koti langu la wiki nne. Nikatupa brashi nikamfuata, na magoti haya. Nilimkuta nyuma ya kinyozi, ameegemeza mlango ukutani, amekaa mbele yake kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Analia na kucheka, kamasi zote kwenye mkono wa koti.

"Vua," nikamwambia. "Hilo ni la kazi." Kisha nikaketi karibu naye, kwa sababu nilikuwa sina pumzi.

Niliporudi, Zakayo alikuwa ananingoja.

"Mathe, ni wewe ulimwambia?"

"Ni mimi."

"Umeniharibia. Kazi yako ni nguo!"

"Nguo ina mtu ndani, Zakayo."

Hakunijibu wiki nzima, na hakuniita tena kwenye filamu yoyote. Wenzake nao wakapunguza kuniita, maana ilivuma kwamba mama wa mavazi huwaambia waigizaji siri za dairekta. Ndivyo nilivyostaafu, kama mlikuwa mnadhani niliagwa kwa keki. Nilikasirika. Bado nimekasirika kidogo, msinione nacheka.

Na mnajua alichokifanya na ile picha? Alipoitazama bila sauti, akaona ndiyo bora kuliko zote alizopiga. Akaitia mwishoni. Mwanamume anautua mlango, midomo inachezacheza. Mwanamke anageuka, anakutazama wewe, mtazamaji, mpaka unaona haya. Anasema jambo. Mwanamume anaubeba mlango, anaondoka. Juu yake Zakayo akaweka mlio wa upepo. Ukiitazama, utaapa amekataliwa.

Ikaenda ng'ambo, ikasifiwa. Kijana mmoja aliniletea maandishi kwenye simu, akanisomea eti mlango ni mwili wa mgeni ambao mji unakataa kuupokea. Nikamwambia mlango ni wa mninga, uliazimwa kwa seremala wa mtaa wa Olympic, na ulirudishwa ukiwa na bawaba moja pungufu.

Hatimaye ikaletwa nyumbani. Ukumbi wa kanisa, Kianda, Jumamosi mchana, blanketi zimetundikwa madirishani. Dakika tano hazijapita watu wakaanza. "Rangi iko wapi?" "Hii projekta imeharibika!" Wengine walicheka kila walipomwona jirani yao. Mimi nilitazama koti, na lilikuwa koti zuri, semeni mtakavyo. Atieno na Musyoka walikaa safu ya tatu. Walikuwa wanaishi pamoja mwaka sasa, chumba kimoja huko huko Kianda, na ndugu zake Atieno bado wananung'unika kuhusu mkwe asiyejua Kijaluo. Ile picha ya mwisho ilipofika, Musyoka aliinamisha kichwa. Atieno hakuinamisha.

Taa zikawashwa. Mgeni mmoja mwenye miwani, aliyekuja na Zakayo, akachukua maikrofoni akasema amevutiwa mno na kimya cha yule mwanamke. Angependa kumuuliza dada mwenyewe, kile kimya kilikuwa na maana gani kwake?

Atieno akasimama. Hakuhitaji maikrofoni.

"Mimi sikunyamaza. Niliongea sana siku hiyo. Ni nyinyi mlitoa sauti."

Yule mgeni akainua tena maikrofoni. "Na ulisema nini?"

Atieno akamwekea Musyoka mkono begani.

"Mwenye aliambiwa alisikia," akasema, akaketi.

Nikamwangalia Zakayo. Alikuwa amesimama ukutani na skafu yake, na mkono wake tayari umetoa kalamu, anatafuta ukurasa kwenye kitabu chake. Nikainuka, nikapita katikati ya viti vyote vile, nikamfungia kile kitabu.